Mchungaji Carscallen wa Gendia: Mafunzo kwa Kwaya Yetu

Tunapoadhimisha jubilei hii tumeona vyema tumkumbuke Mchungaji Arthur Carscallen, mmoja wa walioleta ujumbe wa Waadventista Wasabato katika nchi yetu.

Alizaliwa Kanada mwaka 1879, akasomea kazi ya injili Uingereza. Mwaka 1906 alitumwa pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Mwezi wa Novemba walianza kazi kwenye kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay. Carscallen alijifunza Dholuo kutoka kwa wenyeji, akaandika sarufi yake, akatafsiri sehemu za Agano Jipya. Waumini wa kwanza walibatizwa mwaka 1911. Mafundisho yalitangulia, maji yakafuata.

Mwaka 1913 ukaja mtihani. Huko Alego, ng'ambo ya ghuba, Onyango Dunde alitangaza kwamba amemezwa na nyoka mkubwa wa ziwani aitwaye Mumbo, kisha akatapikwa akiwa na ujumbe: Ukristo umeoza, wazungu wataondoka, na wafuasi wa Mumbo watapata chakula na mifugo bila jasho. Neno hilo likaenea hadi Nyanza Kusini na Kisii. Wengi walilipokea kwa kuwa kodi ya nyumba na kazi za kulazimishwa zilikuwa zimewachosha, na uchungu wao ulikuwa wa haki. Mafundisho ya uongo hupenda kuingia kupitia kidonda cha kweli.

Serikali ya mkoloni ilijibu kwa nguvu. Viongozi wa Mumbo walikamatwa, wengine wakahamishiwa Lamu. Hata hivyo imani hiyo iliendelea kwa miaka mingi, kwa maana pingu hazifundishi mtu.

Mwaka ule ule wa 1913, mtambo wa kupiga chapa uliwekwa Gendia, na kituo cha Kamagambo, katika Migori ya leo, kikafunguliwa. Hatusemi kwamba mtambo uliletwa kwa ajili ya Mumbo. Tunasema kwamba mtu aliyejifunza kusoma Neno kwa lugha ya mama yake aliweza kulipima fundisho lolote, kama walivyofanya watu wa Beroya, hata lile la mmisionari mwenyewe. Mwaka 1914 vita vilifika Kisii na misheni ikaporwa, lakini kazi ilianza tena. Carscallen aliondoka mwaka 1921. Neno likabaki.

Sisi wanakwaya tunajifunza nini? Mahubiri husahaulika kabla ya chakula cha mchana, ila wimbo mama huuimba akipalilia shamba na mtoto akienda kisimani. Wimbo wenye kosa hulifikisha kosa mbali. Kwa hiyo, kabla hatujashika sauti za wimbo mpya, tuyaweke maneno yake mbele ya Biblia, hata kama sauti ni tamu na mtunzi ni rafiki yetu.

Na ndugu aliyevutwa na mhubiri anayeuza mafuta ya miujiza, tusimcheke wala kumtenga. Tumtembelee, tuulize kidonda chake ni kipi, tufungue Neno pamoja naye. Kisha tuimbe naye.

Mungu aibariki jubilei yetu. Amina.