Mtemi Isike Alijiua au Aliuawa?

Wako watu katika nchi yetu ambao hawalipwi na mtu wala hawakutumwa na chuo chochote, lakini hutumia saa zao za jioni kuyachunguza mambo ya kale. Wengine ni walimu waliokwisha kustaafu, wengine ni makarani, wengine ni wafanyakazi wa reli, na wengine ni wazee tu wenye kumbukumbu njema. Huko Tabora, wanapokutana watu wa namna hii, haupiti muda mrefu kabla halijazuka swali moja: Mtemi Isike wa Unyanyembe alikufaje? Je, alijiua kwa mkono wake mwenyewe, au aliuawa?

Yawezekana msomaji akasema kuwa swali hilo halina faida, maana mtu aliyekufa mwaka 1893 hafufuki kwa mabishano. Sisi hatukubaliani na msemo huo. Namna taifa linavyosema juu ya vifo vya watu wake wakubwa ndiyo namna linavyojipima lenyewe. Kwa hiyo leo twapenda kuyaeleza maisha ya mtemi huyu, tuyaweke wazi yale yanayojulikana, kisha tuliangalie hilo linalobishaniwa.

Kwanza yafaa tuukumbuke mji wenyewe. Tangu miaka ya 1850 Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapo ikagawanyika: moja kwenda Ujiji na Kongo, nyingine kwenda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1857. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872 akiwangoja wapagazi wake. Miembe iliyopandwa zamani zile katika njia hiyo yawakumbusha wapitaji mpaka hivi leo. Lakini aliyeibeba njia ile mabegani hakuwa Burton wala Stanley. Alikuwa mpagazi wa Kinyamwezi, mwenye mzigo wa frasila mbili, aliyetembea karibu miezi mitatu toka pwani mpaka bara. Yeye ndiye mfanyakazi wa kwanza wa ujira katika nchi hii, na wafanyakazi wa leo wasimsahau babu yao.

Basi mwenye kuitawala Unyanyembe alikuwa ameushika mlango wa njia. Mtemi alitoza hongo, nao wafanyabiashara Waarabu waliokaa Tabora walitaka hongo hiyo ipungue, au isiwahusu kabisa. Hapo ndipo ilipo asili ya matata yote.

Mtemi Fundikira, yule aliyekuwapo Burton alipokuja, alipatana na Waarabu. Alipokufa, kiti kilishikwa na Mnywa Sere, naye akataka ushuru wa bidhaa zao ulipwe. Waarabu wakamwondoa kwa silaha yapata mwaka 1860, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere hakukubali. Alipigana nao msituni muda wa miaka mitano, akizifunga njia na kuwatia hasara kubwa, mpaka mwaka 1865 alipokamatwa na kukatwa kichwa. Huyo alikuwa mtemi wa kwanza wa Unyanyembe kuuawa na wageni kwa sababu ya ushuru wa njia. Na itazamwe vizuri: wageni hawakuweza kumwondoa peke yao. Walimpata mtu wa ukoo ule ule aliyekuwa tayari kukaa juu ya kiti kikiwa bado cha moto.

Isike alikuwa mwana wa Mkasiwa huyo. Twalisema jambo hili bila kulificha, kwa sababu wako wapendao kuwaeleza watawala wa zamani kana kwamba walikuwa malaika. Isike alikuwa mtu wa zama zake. Alikulia katika ikulu iliyosimama kwa msaada wa bunduki za Waarabu. Aliishi katika siku za vita vikali kati ya Tabora na Mirambo wa Urambo, vilivyoanza mwaka 1871, wakati sehemu ya Tabora ilipochomwa moto, vikaendelea mpaka mwaka 1875. Pembe za ndovu na watumwa vilipita katika nchi yake, naye hakuwa nje ya biashara hiyo. Ayafichaye haya haandiki historia.

Baba yake alipokufa mwaka 1876, Isike alikishika kiti. Waarabu walidhani watampata kijana wa kutumwa kama walivyomtumia baba. Haikuwa hivyo. Pole pole Isike aliupanua uwezo wake, akakusanya bunduki na baruti, akawakumbusha wafanyabiashara kwamba wao ni wageni, na kwamba ardhi ina mwenyewe. Akajenga boma kubwa lenye kuta nene karibu na Tabora, mahali palipoitwa Kwikuru, yaani penye makao ya mtemi. Neno letu la Ikulu tulilonalo leo latoka katika asili hiyo hiyo ya Kinyamwezi na Kisukuma. Mirambo alipokufa mwishoni mwa mwaka 1884, hakubaki mtu katika Unyamwezi wa magharibi aliyekuwa na nguvu kuliko Isike.

Ndipo wakaja Wajerumani. Mwaka 1886 Mjerumani mmoja mfanyabiashara ya pembe, Giesecke, aliuawa Tabora. Mwaka 1890 Emin Pasha aliingia mjini na askari, akapatana na Waarabu, akaitweka bendera ya Ujerumani. Waarabu waliona ni heri kuwa pamoja na mwenye nguvu mpya. Isike hakuona hivyo. Alikuwa ameishi akiutazama mkataba wa baba yake na wageni, naye alijua bei yake. Wajerumani wakamlaumu kwamba anaitatiza misafara na kutoza hongo. Kwa maneno mengine, walimlaumu kwa kufanya kazi ya mtawala katika nchi yake.

Mwaka 1892 boma lake lilishambuliwa, na washambuliaji wakashindwa. Habari hiyo ilienea katika njia yote. Kumbuka kwamba mwezi wa Agosti 1891 Wahehe walikuwa wamekwisha kulivunja jeshi la Kijerumani huko Lugalo. Serikali ya wageni ikaona kwamba ikiwa Isike naye atasimama, njia ya kwenda maziwa makuu itakuwa imefungwa. Akatumwa ofisa kijana, Tom von Prince, yule ambaye wenyeji walimwita Bwana Sakarani. Mwezi wa Januari 1893 alilishambulia boma la Kwikuru, na safari hii kuta hazikutosha.

Mpaka hapa wachunguzi wetu wanapatana. Kutoka hapa wanaachana.

Jambo ambalo karibu wote wanalikubali ni hili: Isike alipoona askari wameingia, alijifungia katika ghala ya baruti pamoja na watu wa nyumba yake, akaiwasha. Ghala ikapasuka. Wa upande wa kwanza wanasema kwamba alikufa pale pale, kifo cha mtu aliyekataa kufungwa, na kwamba hakuna adui awezaye kujisifu kuwa alimwua. Wa upande wa pili wanasema kwamba baruti haikuimaliza kazi. Kwamba alitolewa katika moshi na vifusi akiwa bado na pumzi, akatundikwa juu ya mti kwa amri ya ofisa yule.

Wengi wapenda habari ya kwanza, nasi twajua kwa nini. Ina heshima. Yamfanya mtemi kuwa bwana wa mwisho wake mwenyewe. Hadithi ya pili yauma, maana yamwonyesha mtawala mkubwa akining'inia mbele ya watu wake, hana nguvu hata ya kunena. Lakini ukweli hauchaguliwi kwa utamu wake. Sisi twaona kwamba habari ya kutundikwa ina uzito zaidi, nasi twatoa sababu zetu.

Sababu ya kwanza ni kwamba habari hiyo haikutungwa na wapenzi wa Isike ili kumchafua Mjerumani. Imo katika masimulizi ya vita yaliyofuatwa na waandishi wa historia ya ukoloni, na ni vigumu kuona faida ambayo upande wa washindi ungeipata kwa kuizua. Mtu husadikiwa zaidi anaposema neno lisilompamba.

Sababu ya pili ni ya akili tu. Baruti huacha majivu, na majivu hayana sura. Kama mwili usingeonekana, siku ya pili ingevuma habari kwamba Isike ametoroka na yumo msituni akikusanya watu, kama Mnywa Sere alivyofanya miaka thelathini nyuma. Mtawala mgeni alihitaji kuonyesha mwili. Kamba ile haikufungwa kwa ajili ya Isike, ambaye alikuwa amekwisha kuondoka nusu duniani. Ilifungwa kwa ajili ya macho ya waliobaki.

Na hapa ndipo lilipo jambo kubwa kuliko yote. Ikiwa Isike alijiua, basi ni msiba wa vita. Lakini ikiwa mateka mahututi alinyongwa bila shauri na bila hakimu, basi hayo ni mauaji ya kisiasa yaliyofanywa na serikali, nayo yanadai jina lake.

Labda mtu atatuambia kwamba zama zile zilikuwa hivyo, na hakuna aliyejali sheria barani. Sivyo. Palikuwa na mtu mmoja, Charles Stokes, mzaliwa wa Ireland, aliyekuja kwanza na misioni, kisha akawa mfanyabiashara wa pembe na bunduki katika njia ile ile ya misafara, akaoa mwanamke wa ukoo wa kitemi katika Unyamwezi. Mwezi wa Januari 1895, miaka miwili tu baada ya Isike, kapteni wa Kibelgiji aitwaye Lothaire alimkamata Stokes katika Kongo, akamhukumu kwa haraka, akamnyonga. Ulaya ilitikisika. Magazeti yalipiga kelele, Uingereza na Ujerumani zikadai haki, dola ya Kongo ikalipa faranga 150,000 kwa Uingereza na 100,000 kwa Ujerumani, na Lothaire akashitakiwa mara mbili mwaka 1896, Boma na Brussels, ingawa aliachiliwa mara zote mbili. Kwa hiyo sheria ilikuwapo, na watu waliijua. Ujerumani iliyodai fidia kwa kifo cha Stokes ndiyo iliyomtundika Isike. Tofauti haikuwa katika zama. Tofauti ilikuwa katika rangi ya shingo.

Baada ya kifo hicho Wajerumani walimweka Nyaso, mwanamke wa ukoo wa utawala, juu ya kiti cha Unyanyembe. Ni jambo lile lile la mwaka 1860: mgeni huondoa, kisha huchagua ndani ya nyumba ile ile. Ndani ya miaka 28 kiti kimoja kilikuwa kimewapoteza watemi wawili kwa mikono ya wageni wa namna mbili. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mzigo wa mpagazi ukahamia katika mabehewa, na mwaka 1916 Wabelgiji wakawatoa Wajerumani mjini. Bwana Sakarani mwenyewe alikuwa amekwisha kufa vitani huko Tanga mwaka 1914. Hakuna aliyewahi kumwuliza juu ya mti ule.

Wachunguzi wetu wanayo maswali mengine pia. Huulizana kama kulikuwa na mtu wa ndani aliyewaonyesha maadui udhaifu wa boma. Huulizana maiti ilizikwa wapi, na nani. Katika maswali haya sisi twawashauri ndugu zetu jambo moja: wasilijaze pengo kwa kisa cha kubuni. Kumtaja msaliti bila ushahidi ni kuuchafua ukoo wa watu walio hai. Twajua tena kwamba askari wengi waliopanda kuta zile hawakuwa Wazungu, bali Waafrika waliochukuliwa kwa ujira toka Sudani, Msumbiji na mahali pengine. Kwa hiyo hatuna haja ya kumtafuta msaliti mmoja gizani. Mgawanyiko wenyewe ulikuwa wazi mchana kweupe: mtemi dhidi ya mtemi, Urambo dhidi ya Unyanyembe, ndugu dhidi ya ndugu.

Kazi imebaki. Fuvu la Mkwawa lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, likarudi Kalenga mwaka 1954, kwa sababu watu hawakuacha kuuliza. Mwezi wa Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa maovu ya vita vya Maji Maji. Haya yatufundisha kwamba swali linaloulizwa kwa subira hupata jibu, hata kama limechelewa. Jina la Isike nalo lastahili kutamkwa katika mazungumzo hayo.

Basi twawaomba walimu, makarani na wazee wa Tabora waendelee na mabishano yao, lakini wayaandike. Maneno ya mzee yaandikwe pamoja na jina la aliyemsimulia. Habari za Wajerumani zisomwe kwa jicho la hakimu, wala si kwa jicho la mwanafunzi. Na vijana wa chama na wa vyama vya wafanyakazi wasione haya kuketi kati yao na kuuliza. Isike hakuwa mtakatifu. Alikuwa mtawala aliyekataa kukabidhi ufunguo wa nyumba yake, akafa kwa sababu hiyo. Hatuna haja ya kumwongezea sifa. Inatosha tusimpunguzie ukweli wa kifo chake.