Mbaruk wa Gasi

Hapo Mwembe Tayari jina la Mazrui utalisikia kila siku, lakini je, wajua walikuwa nani? Walitawala Mombasa, cheo kikirithiwa ndani ya ukoo, mpaka 1837 Seyyid Said alipowang'oa. Rashid bin Salim, mtawala wao wa mwisho, akakamatwa, asirudi tena. Mwanawe ndiye Mbaruk, aliyekuwa mkubwa wa Gasi na kuwasumbua masultani wa Unguja miaka na miaka.

Balaa kubwa lilizuka Takaungu, kwa tawi jingine la ukoo. Mwaka 1895 alifariki Salim bin Khamis. Kwa ada yao cheo humwendea aliye mkubwa kwa umri, naye alikuwa Mbaruk mwengine (usiwachanganye!). Kampuni ya Waingereza ikamweka kijana Rashid, mtoto wa marehemu, kwa kuwa anasikizana nao. Hebu fikiri, mgeni akuchagulie mrithi wa nyumba yako! Wenye haki wakashika bunduki. Mbaruk wa Gasi angeweza kukaa kimya, lakini wapi, akawapokea. Agosti ngome yake ya Mweli ikatekwa, kisha wakaletwa askari kutoka Bara Hindi. Aprili 1896 akavuka mpaka, akajisalimisha kwa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam 1910. Takaungu ikabaki kwa yule kijana.