Félix d'Hérelle: Jamaa bila digrii aliyetibu watu kwa virusi

Hebu fikiria kidonda kidogo tu mguuni. Daktari anakuandikia antibiotiki, haifanyi kazi. Anakubadilishia, wapi. Ya tatu, bado. Mwaka 2019 pekee, takriban watu milioni 1.27 duniani walifariki kwa sababu ya bakteria ambao dawa zimeshindwa kuwaua.

Ndiyo maana siku hizi wanafunzi wa shahada ya uzamifu wanakesha maabarani wakichunguza tiba ya faji, yaani kutumia virusi vinavyoshambulia bakteria na kumwacha binadamu salama. Watavuna udaktari wa falsafa kwa wazo hilo. Mwenye wazo lenyewe hakuwa na hata digrii moja alipoligundua.

Félix d'Hérelle alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1873, ingawa yeye alipenda kusema ni mzaliwa wa Montreal, Kanada, na watu wakamwamini miaka na mikaka. Masomo yake ya darasani yaliishia sekondari. Mambo ya vijidudu alijifundisha mwenyewe, kwa vitabu na darubini yake. Kisha akaanza kuhangaika na dunia: mwaka 1901 alikuwa Guatemala akifanya kazi ya maabara, baadaye Mexico, ambako alitafuta njia ya kutengeneza pombe kwa mabaki ya mkonge. Naam, mkonge huu huu wa mashamba ya Vipingo.

Huko Mexico alikumbana na nzige waliokuwa wakihara na kufa kwa wingi. Alipokuza bakteria wao kwenye sahani za maabara, alisimulia baadaye, aliona vidoa vya duara visivyo na bakteria hata mmoja. Hakujua ni nini, lakini hakusahau.

Jibu lilikuja wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1915 wanajeshi wa Ufaransa waliugua kuhara damu, naye wakati huo alikuwa katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris. Alichukua kinyesi cha wagonjwa, akakichuja kwa chujio lenye vitundu vidogo mno ambavyo bakteria hawapiti, kisha maji yaliyopita akayachanganya na bakteria wa ugonjwa huo. Asubuhi moja alikuta chupa iliyokuwa na ukungu wa bakteria imekuwa safi kama maji ya kunywa. Wote walikuwa wameyeyuka. Alikimbilia wodini na kumkuta mgonjwa aliyetoa kinyesi hicho ameanza kupata nafuu.

Septemba 1917 alichapisha habari hizo, akamwita muuaji huyo bakteriofaji, maana yake mla bakteria. Haki itendeke: Mwingereza Frederick Twort alikuwa ameshaandika kuhusu jambo kama hilo mwaka 1915, lakini hakulifuatilia. D'Hérelle ndiye aliyeona dawa pale.

Alianza na kuku. Mwaka 1919 aliwapa faji kuku waliokuwa wakifa kwa homa ya matumbo ya ndege, na vifo vikapungua. Mwaka huo huo, katika hospitali ya watoto jijini Paris, kulikuwa na mvulana wa miaka 12 aliyezidiwa na kuhara damu. Kabla ya kumpa dawa, d'Hérelle na madaktari wenzake waliinywa wao kwanza. Waliposhinda salama, mtoto akapewa. Akapona.

Mwaka 1925, akiwa Alexandria, Misri, aliwadunga faji wagonjwa wanne wa tauni moja kwa moja kwenye mitoki yao. Wote wanne wakapona. Baadaye alikwenda India kupambana na kipindupindu, na mwaka 1928 Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kikampa kiti cha uprofesa. Huyo ndiye jamaa wa sekondari.

Lakini tusimfanye malaika. Alikuwa mgomvi kwelikweli, na alibishana miaka mingi na Jules Bordet, mshindi wa Tuzo ya Nobel, aliyedai kwamba faji si kiumbe bali ni kimeng'enya tu. Hapo d'Hérelle alikuwa sahihi. Alikosea kushikilia kwamba faji ni aina moja tu inayojibadilisha. Ukweli ni kwamba ziko nyingi ajabu, na kila moja huchagua bakteria wake. Ukimpa mgonjwa isiyofaa, ni kama kumpa maji. Kampuni nyingi ziliuza faji ovyo bila kujua hilo, matokeo yakawa ya kubahatisha, na antibiotiki zilipofika miaka ya 1940 nchi za Magharibi zikaitupa tiba hii. Nobel alipendekezwa mara nyingi, hakuipata.

Kulikuwa na mahali pamoja palipoikumbatia: Tbilisi, Georgia, iliyokuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Rafiki yake Giorgi Eliava, waliyejuana Paris, alianzisha taasisi huko na kumwalika. D'Hérelle alifanya kazi naye miaka ya 1930, hata akaandika kitabu na kukitunukia Stalin. Mwaka 1937 utawala wa Stalin huyo huyo ukamkamata Eliava na kumuua. D'Hérelle hakurudi Tbilisi tena.

Alifariki Paris mwaka 1949 kwa saratani ya kongosho, penisilini ikiwa ndiyo habari ya mjini, yeye akiwa amesahaulika.

Taasisi ya Tbilisi haikufungwa. Leo ina jina la Eliava, na wagonjwa ambao antibiotiki zimewashinda husafiri kutoka nchi nyingine kutafutiwa faji zinazowafaa. Na hapa Nairobi, watafiti wa taasisi ya mifugo ya ILRI wamekuwa wakichunguza faji za kupambana na bakteria wa Salmonella, kwenye kuku.