Alfred Büchi: Mhandisi aliyeutia moshi kazini

LORI lililosheheni ndizi linapouacha mji wa Kisii na kuanza kukwea kuelekea Keroka, injini yake hukabiliana na adui asiyeonekana: uhaba wa hewa. Mji huo uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu ya lile la Mombasa kwa karibu moja kwa tano. Aliyeipatia dunia tiba ni Mswisi ambaye jina lake halivumi kama la Rudolf Diesel.

Alfred Büchi alizaliwa Winterthur mnamo Julai 11, 1879. Babake alikuwa na cheo kikubwa katika kampuni ya Sulzer. Alisomea uhandisi Zürich, akahitimu 1903, kisha akafanya kazi Ubelgiji na Uingereza. Kilichomkera ni hasara. Injini huchoma mafuta, halafu sehemu kubwa ya joto lake hutupwa nje kupitia ekzosi. Mnamo 1905 alipata hataza ya mtambo ambamo moshi huo ungezungusha tabo, nayo tabo isukume hewa zaidi ndani ya silinda.

Wazo lilikuwa timamu. Vyuma vya wakati huo ndivyo vilivyokuwa dhaifu. Majaribio ya Sulzer hayakuridhisha, na ilipita miaka 20 kabla ya Büchi kufaulu, 1925. Meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa tabo na injini zake zikapanda kutoka nguvu farasi 1,750 hadi 2,500.

Alifariki mjini kwao Oktoba 27, 1959. Miaka mitatu baadaye Oldsmobile Jetfire, mojawapo ya magari madogo ya kwanza ya tabo, liliuzwa Marekani. Wakenya nao waliishuhudia nguvu hiyo Toyota Celica iliposhinda Safari Rally 1984, 1985 na 1986.

Urithi wake una hatari yake. Presha ya tabo hudhibitiwa na kilango kinachopitisha moshi kando, kikivutwa na ufito wenye kiwambo na springi. Ufito ukifupishwa, kilango huchelewa kufunguka na presha hupanda. Dereva hufurahia gari kuvuta, hadi gasketi ipasuke au pistoni iyeyuke. Fundi mwangalifu hukagua kwanza mipira ya hewa, maana mara nyingi ndiyo iliyotoboka. Akilazimika kurekebisha, huzungusha nati nusu mzunguko tu, kisha hulijaribu gari mlimani macho yakiwa kwenye geji. Tena, katika miinuko ya Kisii na Nyamira tabo huhitaji kuzunguka kwa kasi kuliko Mombasa ili kujaza silinda hewa ileile, hivyo akiba iliyobaki kabla ya beringi zake kuungua ni ndogo.