Daudi na Watu wa Zifu

Mafungu ya kujifunza: 1 Samweli 23–26, 2 Samweli 1, 2 Samweli 2:1–4, Zaburi 54.

Zaburi ya 54 ina mafungu saba tu. Hata hivyo wengi wetu husita tunapofika fungu la 5, pale mwombaji anapomwomba Mungu awarudishie adui zake ubaya wao na kuwaangamiza. Je, mtu aliyefundishwa na Yesu kuwapenda adui zake anaweza kuomba hivyo? Utangulizi wa zaburi unatusaidia, kwa kuwa unataja aliyeomba na wakati alipoomba. Ni Daudi, wakati watu wa Zifu walipomwendea Sauli na kumweleza alikojificha. Basi na tuyafuate maisha yake tangu wakati huo, tuone sala hii ilimfanya mtu wa namna gani.

Mkimbizi katika kabila lake

Daudi alikuwa mwana mdogo wa Yese wa Bethlehemu. Samweli alimtia mafuta angali mchungaji wa kondoo. Alimwua Goliathi, akawa jemadari wa Sauli, kisha mkwe wake. Lakini wanawake wa Israeli walipomsifu kuliko mfalme, wivu ulimwingia Sauli. Alimtupia Daudi mkuki, akatuma watu kuivizia nyumba yake usiku, na mwishowe Daudi akakimbia. Hasira ya mfalme iliwapata hata wengine. Katika mji wa Nobu makuhani 85 waliuawa kwa siku moja, kwa sababu Ahimeleki kuhani alikuwa amempa Daudi mkate na upanga.

Daudi alipokuwa mafichoni na watu wake wapatao 600, alisikia kwamba Wafilisti wanaupiga mji wa Keila na kupora nafaka. Akaenda, akawaokoa watu wa mji huo. Kisha akamwuliza Bwana kama watu wale wale wangemtoa kwa Sauli, akajibiwa kwamba wangemtoa. Akaondoka, akakaa katika nyika ya Zifu.

Zifu ulikuwa mji wa Yuda (Yoshua 15:55), kilometa zipatazo 7 kusini-mashariki mwa Hebroni. Daudi naye alikuwa wa Yuda. Alijificha, basi, katikati ya watu wa kabila lake. Huko Yonathani mwana wa Sauli alimfuata, akamtia moyo katika Mungu. Lakini watu wa Zifu walipanda kwenda Gibea, wakamwambia mfalme kwamba Daudi yuko katika kilima cha Hakila, tena wakaahidi kumtia mkononi mwake. Maandiko hayasemi kwamba mtu yeyote aliwalazimisha. Sauli akawabariki, akawaagiza warudi wakachunguze kila maficho yake.

Soma 1 Samweli 23:15–24. Linganisha mwenendo wa Yonathani na ule wa watu wa Zifu. Ni nani aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kumchukia Daudi?

Kesi mbele ya Mungu

Katika fungu la 1 Daudi anaomba mambo mawili: Mungu amwokoe kwa jina lake, na amhukumu kwa uwezo wake, yaani aamue kesi yake. Hayo ni maneno ya barazani. Katika Israeli mfalme ndiye aliyekuwa mwamuzi wa juu, na hapa mfalme mwenyewe ndiye anayemtafuta amwue. Daudi hana tena mahali pa kukata rufaa duniani.

Fungu la 3 linawaita wanaomwinukia wageni, ingawa waliomsaliti ni ndugu zake wa kabila. Kosa lao kubwa, asema, ni kwamba hawakumweka Mungu mbele yao. Fungu la 4 linageuka kwa ghafula: Mungu ndiye msaidizi wake. Ndipo linakuja fungu la 5. Angalia vizuri ni nani anayetenda hapo. Daudi haombi apewe nafasi ya kuwapiga watu wa Zifu, wala hapangi namna ya kuwashambulia. Anamwachia Mungu ubaya wao, naye Mungu atautendea sawasawa na kweli yake. Mafungu ya 6 na 7 yanamalizia kwa ahadi ya sadaka ya hiari na shukrani kwa wokovu.

Msaada ulikuja upesi. Katika nyika ya Maoni, Sauli alikuwa upande mmoja wa mlima na Daudi upande wa pili, na majeshi ya mfalme yalikuwa karibu kumzingira. Mjumbe akafika na habari kwamba Wafilisti wameishambulia nchi. Sauli akaacha kumfuatia, akarudi. Daudi aliokolewa, lakini adui yake alikuwa bado hai.

Sala yajaribiwa mara tatu

Mara ya kwanza ilikuwa Engedi. Sauli, aliyekuja na watu 3,000, aliingia peke yake katika pango alimojificha Daudi. Watu wa Daudi walidai kwamba Bwana amemtia adui mkononi mwake. Daudi alikata upindo wa vazi la mfalme tu, na hata kwa hilo moyo wake ukamchoma.

Mara ya pili karibu aanguke. Nabali, tajiri aliyekuwa na mifugo Karmeli, aliwatukana vijana wa Daudi na kuwanyima chakula, ingawa walikuwa wamewalinda wachungaji wake. Daudi akajifunga upanga, akaondoka na watu 400, akiapa kutomwachia Nabali mwanamume hata mmoja. Mtu aliyeweza kumhurumia mfalme aliyetaka kumwua, sasa alitaka kuua nyumba nzima kwa ajili ya tusi. Abigaili mke wa Nabali alimlaki njiani na chakula, akamkumbusha kwamba Bwana ndiye anayempigania. Daudi akamshukuru Mungu kwa kumzuia. Siku kama kumi baadaye Nabali akafa, bila upanga wa Daudi.

Mara ya tatu watu wa Zifu walikwenda tena Gibea na habari zile zile. Usiku Daudi na Abishai waliingia kambini, wakamkuta Sauli amelala, mkuki wake umechomekwa ardhini karibu na kichwa chake. Abishai aliomba ruhusa ampige pigo moja tu. Daudi akakataa: Bwana mwenyewe atampiga, au siku yake itafika, au ataangamia vitani. Alichukua mkuki na gudulia la maji, akaondoka. Hapo twaona Zaburi ya 54 katika matendo. Kwa kuwa kesi ilikuwa imekwisha kukabidhiwa kwa Mungu, Daudi hakuwa na haja ya mkuki.

Tusisahau jambo moja. Sauli alikiri kosa, akamwita arudi. Daudi aliurudisha mkuki, lakini hakurudi kuishi na Sauli. Kumwachia Mungu kisasi hakumlazimishi mtu kujirudisha hatarini.

Mfalme jirani wa Zifu

Sauli alikufa vitani katika mlima wa Gilboa. Mwamaleki aliyemletea Daudi taji alitazamia furaha, lakini Daudi alirarua mavazi yake, akafunga hata jioni na kumwombolezea mfalme. Kisha watu wa Yuda walimtia mafuta huko Hebroni, akiwa na umri wa miaka 30, akatawala huko miaka saba na nusu. Zifu ulikuwa mwendo wa saa chache tu kutoka hapo. Sasa alikuwa na jeshi na mamlaka. Maandiko hayataji popote kwamba aliwalipiza kisasi.

Daudi hakuwa mkamilifu. Katika habari ya Uria, yeye ndiye aliyekuwa mwenye nguvu aliyemtafuta asiye na kosa. Anayeomba zaburi hii hana budi kukubali kwamba Mungu anayewahukumu adui zake atamhukumu yeye pia.

Wako kati yetu waliosalitiwa na ndugu kwa ajili ya shamba, au waliosingiziwa kazini na hata kanisani. Wengine hutafuta mganga, wengine hushika panga, wengine hunyamaza na kuoza moyoni. Zaburi ya 54 inatupa njia nyingine: kumweleza Mungu ubaya wote kama ulivyo, kisha kumwachia hukumu.

Maswali ya kujadili:

1. Kumwombea adui na kumshtaki adui mbele za Mungu kunaweza kwenda pamoja? Eleza.

2. Kwa nini Daudi alishindwa kujizuia kwa Nabali baada ya kumwacha Sauli? Ni makosa gani madogo yanayotuwasha hasira upesi?

3. Soma 1 Wafalme 2:8, 9. Maagizo ya Daudi juu ya Shimei yanatufundisha nini kuhusu ugumu wa kuachilia kisasi hata mwisho wa maisha?

4. Darasa lenu linawezaje kuwa kama Yonathani au Abigaili kwa mshiriki aliyesalitiwa?