AL-BIRUNI NA KIJALUBA CHA MWEZI

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyeliumba jua na mwezi akaviendesha kwa hesabu isiyokosea. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, katika toleo la mwaka huu tumeona tuwaletee maisha ya mwanachuoni mkubwa, Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tumemchagua yeye kwa sababu maalumu. Wapo miongoni mwa wanafunzi wetu wanaoliweka daftari la hisabati upande mmoja na juzuu upande wa pili, kana kwamba vitu viwili hivyo ni mahasimu. Na wapo wazazi wanaouliza ni ipi kati ya elimu mbili hizi imfae mtoto. Maisha ya al-Biruni yana jibu la kutosha kwa wote wawili.

KUZALIWA KWAKE NA MASOMO YAKE

Al-Biruni alizaliwa tarehe 3 Dhulhijja mwaka 362 wa Hijra, sawa na tarehe 4 Septemba 973, katika mji wa Kath, nchi ya Khwarazm. Leo sehemu hiyo imo katika nchi ya Uzbekistan, na mji ulio karibu na magofu ya Kath umepewa jina lake. Neno "birun" kwa Kiajemi lina maana ya nje, na husemwa kuwa aliitwa hivyo kwa kuwa watu wake walikaa nje ya mji.

Mwenyezi Mungu alimjaalia mwalimu mwema, Abu Nasr Mansur bin Iraq, mtu wa ukoo wa watawala wa Kath na bingwa wa hisabati. Kijana alisoma kwa bidii, na alipokuwa na umri wa miaka 17 hivi alikwisha kulipima jua linapofika juu kabisa mchana, na kwa kipimo hicho akajua mji wake uko umbali gani kaskazini mwa mstari wa ikweta.

Lakini mwaka 995 vita vilizuka nchini kwao na ukoo uliomlea ukapinduliwa. Al-Biruni, akiwa na miaka 22, ilimbidi akimbie. Alipata dhiki ya umaskini na ugeni, wala hakuacha kusoma. Mwaka 997 akiwa Kath alipatana na mwanachuoni wa Baghdad, Abul Wafa, kwamba wote wawili wautazame mwezi utakapopatwa tarehe 24 Mei, kila mmoja mjini kwake, na kila mmoja aandike saa yake. Kwa tofauti ya saa zao walijua miji hiyo miwili imetengana kiasi gani kwa mashariki na magharibi. Tuzingatie kwamba hapakuwa na simu wala saa ya mkononi. Mwezi mbinguni ndio waliofanya kengele yao.

Baadaye alikaa Gurgan, karibu na bahari ya Kaspi, kwa mtawala Qabus bin Wushmgir. Huko, kiasi cha mwaka 1000, alitunga kitabu chake maarufu cha tarehe na kalenda za mataifa mbalimbali: Waislamu, Mayahudi, Wakristo, Waajemi na wengineo.

KIJALUBA CHA MWEZI

Miongoni mwa vitabu vya al-Biruni kimo kimoja kinachoeleza namna za kutengeneza asturlabu, chombo cha shaba kilichotumiwa kupimia nyota, kujua saa na kutafuta kibla. Ndani ya kitabu hicho ameeleza kifaa kiitwacho Huqq al-Qamar, yaani kijaluba cha mwezi. Ni kisanduku cha mviringo chenye magurudumu 8 ya meno yanayoshikana, mfano wa magurudumu yaliyomo ndani ya saa. Mtu akikizungusha, huonyesha jua liko katika buruji gani, mwezi uko wapi, una siku ngapi, na umejaa kiasi gani.

Tueleze sehemu moja tu ili wanafunzi waelewe. Gurudumu dogo lenye meno 7 huzunguka mara moja kwa wiki, yaani jino moja kwa siku. Hilo husukuma gurudumu kubwa lenye meno 59. Kwa hiyo gurudumu kubwa humaliza mzunguko mmoja kwa siku 59. Kwa nini 59? Kwa sababu mwezi mmoja wa siku 29 na mwingine wa siku 30 ukivijumlisha unapata 59. Hivyo miezi miwili ya Kiislamu imeandikwa kwa meno ya shaba!

Hesabu hiyo ni ya makadirio. Mwezi wa kweli, kwa wastani, unazidi siku 29 na nusu kwa kiasi kidogo sana, na ziada hiyo hukusanyika ikawa siku nzima kwa kila miezi 33 hivi. Ndiyo maana wenye kupanga kalenda za Hijra kwa hesabu huongeza siku 11 katika kila miaka 30. Ama hukumu ya kufunga na kufungua kwa kuandama kwa mwezi ina mlango wake katika fiqhi, nasi hatuuingii hapa.

Sasa ndugu msomaji, je, al-Biruni ndiye wa kwanza kuyajua magurudumu haya? Hapana. Mwaka 1900 wazamiaji waliokuwa wakitafuta sponji walikuta meli ya kale imezama karibu na kisiwa cha Antikythera, Ugiriki. Mwaka 1901, pamoja na masanamu na vyombo vingine, palitolewa baharini bonge la shaba lililoliwa na chumvi, ambalo hakuna aliyelijali. Mwaka uliofuata ikagunduliwa kuwa ndani yake mna gurudumu la meno. Wataalamu walilichunguza kwa miaka mingi, na mwaka 2005 wakalipiga picha za eksirei zenye nguvu sana. Ikadhihirika kwamba ni mashine ya kuhesabia mwendo wa jua na mwezi na nyakati za kupatwa kwake, iliyotengenezwa kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Magurudumu 30 yamesalimika hadi leo, nayo yamo katika jumba la makumbusho mjini Athens.

Kipo na kifaa kingine, kilichohifadhiwa London, cha watu wa Rum, cha kati ya mwaka 400 na 600. Ndani yake limo gurudumu la meno 7 na gurudumu la meno 59, vilevile kama alivyokuja kueleza al-Biruni. Na baada yake, mwaka 618 wa Hijra (1221 au 1222), fundi Muhammad bin Abi Bakr wa Isfahan alitengeneza asturlabu ya shaba yenye magurudumu ya namna hiyo. Hiyo ipo nzima mpaka leo katika makumbusho ya Oxford, Uingereza.

Tukivitazama vyombo hivi pamoja tunaona elimu imepita mkono kwa mkono. Wayunani wa kale waliijua, watu wa Rum wakaishika, na Waislamu wakaipokea wakaiandika, wakaitumia na kuwafikishia wengine. Mashine iliyozama baharini ilinyamaza miaka elfu mbili, lakini kitabu cha al-Biruni hakikunyamaza. Chuma huliwa na kutu, na shaba huliwa na chumvi. Elimu iliyoandikwa na kusomeshwa hubaki.

MTU ALIYEKATAA CHOMBO

Katika kitabu chake kuhusu vivuli, ambacho kinaeleza namna ya kujua nyakati za sala kwa kivuli cha jua, al-Biruni amesimulia kisa cha kuzingatiwa. Palikuwa na mtu mmoja mwenye kushika dini lakini mchache wa elimu, aliyeonyeshwa chombo cha kujulia nyakati za sala. Kilikuwa chombo sahihi. Ila yule mtu alipoona kimeandikwa majina ya miezi ya Warumi alikikataa, akaona kukitumia ni kujifananisha na makafiri.

Majina yale yaliwekwa kwa sababu moja tu. Kivuli hufuata jua, na miezi ya Warumi nayo hufuata jua, hali miezi yetu hufuata mwezi. Al-Biruni hakuweza kunyamaza. Alimwambia kwamba Warumi pia hula chakula na hutembea sokoni, basi na aache mambo hayo mawili asije akafanana nao.

Tusidhani kwamba alikuwa akiifanyia dini mzaha. Yeye ndiye aliyekesha akitafuta kibla na nyakati za sala. Alichokikataa ni ujinga kuvishwa kanzu ya uchamungu. Sala inataka wakati wake, na wakati hujulikana kwa jua, na jua halina kabila.

MATEKANI GHAZNA

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm. Al-Biruni alichukuliwa pamoja na wanavyuoni wengine, akiwemo mwalimu wake Abu Nasr, wakapelekwa Ghazna, katika nchi inayoitwa leo Afghanistan. Hakwenda kwa hiari yake. Mwezi wa Oktoba 1018 alikuwa katika kijiji karibu na Kabul, hana chombo hata kimoja cha kupimia, na roho yake ina huzuni. Akachukua ubao wa kufanyia hesabu, akachora juu yake sehemu ya duara na kuigawa kwa nyuzi, akatundika uzi wenye uzito, akapima jua. Wangapi kati yetu hukosa rula wakasema leo hatuwezi kusoma?

Mwaka 1025 alimaliza kitabu cha kupima mahali pa miji, na miongoni mwa makusudio yake ni kuwatafutia watu wa Ghazna kibla kilicho sahihi. Humo ameeleza pia namna alivyopima ukubwa wa dunia. Alipanda mlima ulio karibu na ngome ya Nandana, ambayo leo imo Pakistan, mbele yake pana uwanda mpana. Alikwisha kuupima urefu wa mlima. Kisha akapima kiasi gani upeo wa macho unavyoshuka chini anapoutazama kutoka kileleni, akakuta ni dakika 34 za nyuzi, yaani zaidi kidogo ya nusu ya nyuzi moja. Kwa vipimo viwili hivyo na hesabu za pembe alipata nusu kipenyo cha dunia, na jibu lake liko karibu sana na lijulikanalo leo.

Alipokuwa na watu wa Bara Hindi alijifunza lugha yao ya kielimu, Kisanskriti, hali amekwisha kupita miaka 40. Kiasi cha mwaka 1030 alitunga kitabu kikubwa juu ya India. Alieleza itikadi zao kama wanavyozieleza wenyewe, bila ya kuwazulia wala kuwatukana, pamoja na kuwa yeye hakuziamini. Wala hakuficha kwamba vita vya Sultani Mahmud viliiharibu nchi ile na kuzijaza chuki nyoyo za watu wake.

MALI NA MAUTI

Sultani Mas'ud, mtoto wa Mahmud, alimtukuza. Al-Biruni alimtungia kitabu kikubwa cha falaki kiitwacho al-Qanun al-Mas'udi. Inasimuliwa kwamba Sultani alimpelekea mzigo wa fedha wa kubebwa na tembo, naye akaurudisha, kwa kuona kwamba hauhitaji.

Alipofika umri wa miaka 65 kwa hesabu ya Hijra aliorodhesha vitabu vyake mwenyewe, vikafika zaidi ya 100. Vingi vimepotea. Hata hivyo hakupumzika. Kitabu chake cha dawa na mitishamba alikiandika akiwa amepita miaka 80 kwa hesabu hiyo ya Hijra, macho na masikio yamekwisha kudhoofika. Alifariki Ghazna, kiasi cha mwaka 1050.

Wanahistoria wamesimulia kwamba mwanachuoni wa fiqhi alikwenda kumzuru katika maradhi ya mwisho. Mgonjwa akiwa anavuta pumzi kwa shida alimkumbusha mas'ala ya mirathi ya nyanya waliyokuwa wameizungumza zamani, akataka aelezwe tena. Mgeni alimwonea huruma, akashangaa kuulizwa wakati kama ule. Al-Biruni akamwelewesha kwamba ni bora kuiaga dunia hali anaijua mas'ala ile kuliko kuiaga hali haijui. Akaelezwa, akaihifadhi. Mgeni alipotoka, akiwa bado njiani, alisikia vilio vya msiba nyumbani kwa mgonjwa.

MAFUNZO TUYAPATAYO

1. Elimu ya hesabu na elimu ya dini si mahasimu. Ratiba ya sala iliyobandikwa msikitini kwetu ni tunda la hesabu za falaki.

2. Haki huchukuliwa popote ilipo, na aliyetutangulia katika jambo hutajwa kwa insafu.

3. Umaskini, ugeni na kukosa vifaa si udhuru wa kuacha kusoma. Ubao na uzi vilitosha.

4. Mwanafunzi hamalizi kuwa mwanafunzi. Aliyeandika zaidi ya vitabu 100 aliuliza mas'ala hali yumo katika sakarati.

Wanafunzi wetu, mwalimu wa hisabati anapoingia darasani, mpokeeni kama mnavyompokea mwalimu wa tajwidi. Na wazazi wetu, msimlazimishe mtoto achague moja baina ya mawili ambayo al-Biruni aliyabeba yote pamoja.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) amrehemu al-Biruni na wanavyuoni wetu wote waliotutangulia, awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atulipe sote kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.