Moïse Tshombe: moyo uliosimama mbali na Katanga

Moïse Tshombe alizaliwa Musumba, Katanga, mwaka wa 1919, katika familia ya wafanyabiashara. Tarehe 11 Julai 1960 alitangaza Katanga kuwa inchi ya pekee. Baluba wengi wa kaskazini walimpinga, na damu ilimwagika. Mwaka wa 1964 akawa waziri mkuu wa Kongo. Mwezi wa Agosti, jeshi la serikali yake pamoja na mamluki waliwafukuza waasi wa Simba hapa Kalemie, wakati ule Albertville.

Oktoba 1965, Rais Kasa-Vubu alimwondoa. Akakimbilia Ulaya. Tarehe 30 Juni 1967 ndege aliyopanda ilitekwa na kupelekwa Algeria, akashikwa huko. Alifariki tarehe 29 Juni 1969, akiwa na miaka 49, akazikwa Ubelgiji. Serikali ya Algeria ilisema ni moyo. Watu wengi walishuku mkono wa mtu.

Lakini moyo unaweza kuua wenyewe. Unasukuma damu ya mwili wote, nao unalishwa na mishipa yake midogo. Mtu akipanda mlima, mishipa hiyo hupanuka ili damu iongezeke. Tumbako, sukari na tansio huiharibu, mafuta yakaifanya nyembamba. Damu ikiganda humo, njia inazibwa na nyama ya moyo inaanza kufa.

Kifua kikibana, maumivu yakishuka mkono wa kushoto au kupanda kwenye taya, jasho baridi likitoka, usingoje asubuhi: kimbilia hospitali.